Salamu Zimeshatumwa

Fundi saa alikuwa mbahili wa aina yake. Si kwamba alinyima watu chakula. Mgeni akiingia kwake hatoki na njaa. Wala si kwamba alikopa akawakimbia watu. Ubahili wake wote alikuwa ameulundika mahali pamoja, kwenye simu, na hapo hata ungemlilia machozi ya damu asingekulegezea.

Ulianza binti yake alipokwenda ng'ambo kufua na kupiga pasi mashuka ya hoteli kubwa. Binti huyo nyumbani walimwita Kasuku, na jina lilimkaa barabara. Tangu utotoni aliongea mpaka usingizini. Ukimtuma chumvi dukani alirudi na habari za mtaa mzima, chumvi kaisahau. Walipompigia mara ya kwanza huko alikokwenda, yeye na wazazi wake waliamkiana, wakaulizana habari za kazi, za baridi, za chakula, za majirani, za mgonjwa wa majirani, na Kasuku alipovuta pumzi ili sasa aanze kusimulia, simu ikakata. Salio kwisha. Fundi aliitazama simu yake kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe.

Ungemwambia anunue simu ya kisasa apige kwa intaneti, angekujibu kwamba simu hizo zinakula bando hata zikiwa zimelala. Yake ilikuwa ya vitufe na aliipenda. Basi akakaa akafikiri. Mtu aliyemaliza ujana wake na kioo cha fundi jichoni, akisafisha meno ya vigurudumu vidogo, hawezi kuona muda unapotea akanyamaza. Haikumchukua siku nyingi kumkamata mwizi. Mwizi alikuwa salamu.

"Salamu ndizo zinazomaliza kifurushi," alimwambia mkewe. "Tukimaliza kuulizana habari, habari zenyewe hazina pa kupita."

Mkewe, Mama Kasuku, alikuwa akishona pindo la pazia. Hakuinua kichwa. "Kwa hiyo mwanangu nimwanze kwa lipi? Nimwanze kama ninamdai?"

"Umwanze kwa hoja."

Ikawa sheria ya nyumba. Kila Jumamosi fundi alituma ujumbe mmoja, uleule: "Hujambo, habari za huko, za kazi na za afya, sisi wazima, marahaba, usijibu." Jumapili, baada ya chakula cha mchana, ndipo walipopiga, na hapo hakuna kusalimiana, kwa sababu salamu zimeshatumwa. Hata shikamoo Kasuku alikatazwa. Baba yake alikuwa ameshaiitikia kwa maandishi kabla haijatoka kinywani.

Na kabla ya kupiga kulikuwa na mazoezi. Jamani, hayo mazoezi. Fundi alikaa upande mmoja wa meza yake ya kazi, mkononi ana saa ya kupimia mbio, ile ya kubonyeza kichwani, akijifanya ndiye Kasuku. Mkewe alikaa upande wa pili na boksi la nyuzi sikioni, hiyo ndiyo simu.

"Haya, nimepokea," fundi alisema, akabonyeza.

"Haloo, mwanangu, u hali ga..."

"Umeshachelewa. Rudia."

"Kasuku hana masharubu, mimi siwezi kuongea na Kasuku mwenye masharubu."

"Rudia, mama," alisema fundi kwa sauti nyembamba ya kike, naye hakucheka hata kidogo.

Mpango ukafanikiwa, tena sana. Polepole Kasuku akajifunza. Ndiyo, baba. Hapana, mama. Imefika. Sawa. Vifurushi vikaanza kubaki, na fundi akaenda kutamba kwa kinyozi, ambaye kibanda chake kiligusana ukuta na kibanda cha fundi, palepale mbele ya nyumba.

"Ng'ambo imemkomaza yule," alisema. "Zamani angekuongelesha mpaka masikio yafe ganzi. Siku hizi anajua thamani ya dakika."

Kinyozi alipuliza nywele kwenye mashine yake. "Au amenuna?"

"Anune kwa lipi? Hatujagombana."

"Mtagombana saa ngapi, na nafasi hakuna?"

Fundi aliona kinyozi ana wivu, akarudi zake kazini. Lakini Mama Kasuku, aliyekuwa akishona upande wa pili wa ukuta, alikuwa amesikia, na jioni ile alishona pazia la mteja ndani nje.

Sasa Jumapili tunayoisema ilikuwa na hoja moja tu, nayo ilikuwa nzito. Mkataba wa Kasuku ulikuwa unakwisha, na mwajiri alitaka jibu ndani ya wiki hiyo: anasaini miaka mingine miwili au anarudi kwao. Fundi alitaka asaini. Chumba cha nyuma walichokuwa wakijenga kilikuwa kimefika usawa wa madirisha, na bati halijinunui lenyewe. Mama Kasuku yeye alitaka kujua kitu kimoja, kama mwanawe ni mzima. Hofu hiyo ilikuwa imemkaa kifuani kwa miezi, na kila alipoitaja aliambiwa hiyo si hoja.

Walifanya mazoezi. Swali lilikuwa fupi mno, "Unasaini?", na mama alilisema vizuri bila kukosea, mpaka fundi akamsifu. Kisha akapiga, akaiweka simu mezani na kuifungulia spika, na Kasuku alipopokea tu, akabonyeza saa.

"Hujambo, mwanangu?" akasema Mama Kasuku.

Fundi alikodoa macho. Akakata hewa kwa vidole viwili, kama mkasi.

"Mama? Salamu si zimeshatumwa?"

"Hizo ni za baba yako. Zangu bado. Hujambo?"

"Sijambo, mama."

"Habari za huko?"

"Nzuri."

Fundi alimwonyesha mkewe saa. Mkewe akageuza kiti, akampa mgongo.

"Za kazi?"

"Nzuri."

"Na za afya?"

"Nzuri," akasema Kasuku, kisha, kama afanyavyo kila mtu akishajibu nzuri za kutosha, akaongeza, "ila mkono."

"Mkono umefanya nini?"

"Uliungua, mama. Kwenye mashine ya kupigia pasi. Umepona juu, lakini vidole viwili havikunjiki. Nafanya kazi kwa mkono wa kushoto, na msimamizi anasema nimekuwa mzembe."

"Uliungua lini?"

"Zamani kidogo. Wakati mnamwaga zege la msingi."

Mama Kasuku aliishika meza. "Miezi yote hiyo, mwanangu. Mbona hukusema?"

"Hamkuuliza." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililouma. "Na kila nikitaka kusema mwenyewe, naisikia ile saa ya baba. Nikaona basi, mkono si hoja."

Simu ikakata. Kifurushi kilikuwa kile kidogo cha siku zote.

Fundi alibaki ameishika saa yake, nayo inagonga. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Alikuwa akimsifu mtoto kwa kunyamaza, na mtoto alikuwa akiumwa. Mkewe angemtukana ingekuwa nafuu. Akainuka, akachukua simu, akatoka bila hata kufunga droo ya vioo, jambo ambalo hajapata kulifanya tangu aanze ufundi.

Dukani, hatua chache kutoka kibandani, mwenye duka alikuwa ameshaanza kumtolea vocha ndogo kabla hajaomba.

"Si hiyo," alisema fundi. "Nipe kubwa, nipige ng'ambo."

"Kubwa ipi?"

"Inayozidi zote."

Mwenye duka akamtazama usoni, akapunguza redio. "Pole. Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu. Nataka kusalimia."

Hakungoja afike nyumbani. Alikwangua vocha palepale barazani, akaingiza namba, akakosea, akaingiza tena, akaunga kifurushi, akapiga. Kinyozi alitoka kibandani na mteja aliyenyolewa nusu kichwa. Mama Kasuku naye alikuja mbio, mguu mmoja ndala yake, mwingine ndala ya mumewe.

"Baba," akasema Kasuku haraka, bila kupumua, "usiwe na wasiwasi, nitasaini. Mkono utazoea. Bati nitaleta. Nimemaliza hoja, unaweza kukata."

"Sikati," akasema fundi. "Hatujaamkiana."

Polepole, kama mtu anayejaribu ngazi asiyoiamini, Kasuku akasema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Habari za huko?"

"Nzuri."

"Za mkono?"

Kasuku alianza kusema nzuri, lakini neno halikufika mwisho. Akalia. Fundi alisimama barazani, watu wakimtazama, akamsikiliza binti yake akilia kwa kifurushi cha bei mbaya kuliko vyote, wala hakumharakisha.

"Usisaini," alisema mwishowe. "Rudi nyumbani, tuutazame huo mkono."

"Na chumba?"

"Chumba kitakaa bila bati. Sisi tutalala tunapolala siku zote."

"Na hela, baba?"

"Hiyo si hoja. Niambie, huyo msimamizi ni mtu wa namna gani?"

Kasuku akavuta kamasi. Mtu wa namna gani, alisema, ngoja nikwambie, na akaanza, kwanza taratibu, halafu kwa mwendo wake wa zamani: msimamizi na funguo zake, mpishi anayemwibia supu, mwenzake wa chumbani anayeongea na mashuka. Akafika katikati, akasita.

"Baba, salio lipo kweli?"

"Lipo tele."

Ndani ya mfuko wa shati la fundi kitu kilikuwa kinagonga. Mama Kasuku aliingiza mkono, akaitoa saa, akaibonyeza kichwani.

"Nini hicho kimelia?" akauliza Kasuku.

"Mama yako ameizima saa," akasema fundi. "Endelea."