Mkurugenzi Mpya wa Kokotoa

Mzee Nukta alipotangaza kwamba anaachia ukurugenzi, wafanyakazi walidhani ni maneno ya uchovu. Waliamini pale walipomwona akikisukuma kiti chake mwenyewe kwenye korido, mgongo umeinama, kukihamishia kwenye chumba cha waandishi wa programu. Alikiegesha karibu na dirisha, akaketi, akasema sasa amefika kwao.

Kampuni yao ilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira mpya ilipanda ngazi pamoja na wageni. Walitengeneza programu moja tu, Kokotoa. Haikuwa programu ya kuandikia barua wala ya michezo. Kazi yake ilikuwa kutatua milinganyo mingi kwa mpigo, ile ambayo mtu na kalamu yake angezeeka kabla hajaimaliza. Waliitumia wahandisi wa madaraja, watu wa bima, na wale wanaokadiria mto utajaa kiasi gani mvua zikizidi. Mzee Nukta aliianza sebuleni kwake, yeye akiandika na mkewe akijaribu, huku mapacha wao wakitambaa chini ya meza na kung'oa nyaya. Jina la Nukta alilipata ofisini, kwa jinsi alivyofura mtu akiweka nukta ya desimali pasipo mahali pake. Mkewe walimwita Mama Pacha, kama mumewe alivyomwita.

Huyo Mama Pacha ndiye wenye hisa walimchagua kushika nafasi. Hakuna aliyebisha ila yeye mwenyewe. Aliomba muda wa kufikiri, na alipokubali alimpa mumewe sharti moja, wakiwa jikoni wanakausha vyombo.

"Ofisini mimi ni bosi wako, Baba Pacha. Nyumbani tutaelewana."

Mzee Nukta alikubali upesi, kama mtu anayekubali dawa kabla hajaionja.

Majuma ya mwanzo alijisahau mara kwa mara. Kikaoni mtu akimuuliza mkurugenzi jambo, jibu lilitoka kwake. Mama Pacha alimtazama tu juu ya miwani, naye akaziba mdomo kwa kiganja kama mtoto aliyefumwa na sukari. Wafanyakazi waliinamisha nyuso wasije wakacheka.

Kilichomuuma hasa kilikuwa toleo jipya. Miongoni mwa waandishi wa programu alikuwapo dada mmoja waliyemwita Kimya, kwa kuwa siku ingeweza kupita asitoe neno. Kimya alikuwa ameandika njia mpya ya kutatua milinganyo, yenye kasi kuliko ile ya zamani, na Mama Pacha aliamua ile ya zamani iondolewe kabisa. Ile ya zamani ilikuwa kazi ya mikono ya Mzee Nukta, sehemu ya kwanza kabisa aliyoiandika pale sebuleni. Alipinga kikaoni, akapinga kwenye ngazi, na nyumbani akapinga kwa kununa. Mama Pacha hakugombana naye. Alimwambia Kimya aendelee na majaribio.

Katika majaribio hayo ndipo kazi moja ilipoleta matata. Ilikuwa ya ofisi inayosimamia mto, iliyoitumia Kokotoa kupanga kimo cha ukuta wa kuzuia mafuriko. Njia ya zamani ilisema maji yatafika hapa. Njia mpya ikayapandisha zaidi, karibu upana wa viganja viwili. Ofisi nzima iliamini mpya ndiyo imekosea. Kimya alikaa mbele ya kompyuta yake, macho mekundu. Mzee Nukta alitembea siku hiyo akipiga mluzi.

Lakini alikuwa mtu wa hesabu, na mtu wa hesabu hatulii mpaka ajue kosa limeingilia wapi. Alivuta kiti kando ya Kimya ili amwonyeshe alipoteleza. Walirudia kazi ile hatua kwa hatua, safari hii wakibeba desimali nyingi bila kuzikata. Mluzi ulikatika kabla ya chakula cha mchana. Njia yake, kila hatua, ilikuwa ikikata vipande vidogo vya mwisho vya namba. Kwa kazi nyingi vipande hivyo havikudhuru. Kwa kazi za aina ile ya mto vilirundikana kama makombo chini ya meza, mpaka jibu likapinda.

Mzee Nukta alimwambia Kimya, "Yako ndiyo sahihi, mwanangu," akainuka.

Kwenye mlango wa mkurugenzi alipiga hodi. Hakuwahi kuupigia hodi mlango ule, na Mama Pacha alipomwona amesimama pale alijua si jambo dogo. Alifunga mlango, akamwacha aseme yote. Mzee Nukta aliomba jambo moja: barua ya kuwajulisha wateja aiandike yeye na aitie sahihi yake, kwa sababu kosa ni lake.

"Andika wewe, hakuna anayelijua kuliko wewe," Mama Pacha alisema. "Sahihi itakuwa yangu."

"Utabeba mzigo usio wako."

"Njia ile niliijaribu mimi, umesahau? Uliandika, nikajaribu, nikasema safi. Na hata ningekuwa sikuwapo, kiti hiki ndicho kinachojibu."

Mzee Nukta alivua miwani. Aliifuta kwa shati, na mkewe akangoja mpaka alipoivaa tena.

Meneja wa mauzo aliposikia alishika kichwa, akashauri wanyamaze na kulitoa toleo jipya kana kwamba hakuna kitu. Mama Pacha alimjibu kwa upole kwamba ukuta wa mto hausomi matangazo. Barua zilitoka. Ofisi ya mto Mzee Nukta aliipigia simu mwenyewe. Mhandisi wa kule alimweleza kwamba ukuta waliupandisha kupita hesabu kwa tahadhari, kwa hiyo hakuna nyumba iliyo hatarini. Akauliza toleo jipya litafika lini. Watu wa bima hawakuwa waungwana hivyo. Walihama, na mwaka ule ofisi ilibana matumizi.

Toleo lilipotoka, jina la Kimya lilikaa mbele miongoni mwa watengenezaji. Mzee Nukta alibaki pembeni yake dirishani, akiandika mwongozo wa watumiaji, na kila mara akimuuliza swali ambalo yule dada alilijibu kwa maneno matatu. Walipatana ajabu.

Jumamosi moja alasiri Mama Pacha alisinzia kwenye kochi, miguu juu ya mapaja ya mumewe. Simu yake ikaita. Alikuwa meneja wa mauzo. Mzee Nukta aliipokea kwa sauti ya chini.

"Mkurugenzi amelala. Kama ni hesabu, niambie mimi," alisema. "Kama ni uongozi, ngoja aamke."

Akaizima, akaendelea kumkanda nyayo.