Uchochoro wa Wanuka Vitunguu

Jumanne jioni Doris Zammit alilivuta pipa lake la taka mpaka ukingoni mwa barabara, akaligeuza magurudumu yaelekee nyumbani jinsi watu wa gari la taka wanavyotaka, akarudi ndani kumalizia pai yake ya nyama. Kompyuta ilikuwa wazi mezani. Tangu afanyiwe upasuaji wa goti alikuwa akicheza ule mchezo wa kujenga miji, na mji aliokuwa akiujenga ni Tarrabin ya zamani, kwetu sote, ambayo Kampuni iliibomoa ili ichimbe makaa ya mawe yaliyolala chini ya vitanda vyetu. Makaa yalikwisha, Kampuni ikaondoka. Sasa pale ni shimo, na ukisimama kwenye uzio ng'ambo yake huioni vizuri hata siku isiyo na ukungu.

Mchezo ule una tabia ya kuudhi. Ukichora barabara tu, wenyewe unaipa jina, tena majina ya ovyo: Mtaa wa Mwerezi, Njia ya Kulungu. Doris aliyafuta yote akaweka majina yaliyokuwa kwenye vibao vya Kampuni, Barabara ya Meneja Hallam, Barabara ya Meneja Orde, mameneja watupu, wengine hata Tarrabin hawakuwahi kuikanyaga. Jioni hiyo, pai ikiwa mdomoni, akashindwa kukumbuka mteremko wa kanisani ulikuwa wa meneja yupi. Akaudhika. Akaandika vile tulivyouita sisi wenyewe: Mteremko wa Breki, kwa sababu hapo ndipo breki za Merv Pascoe zilipokatika, akaingia na gari la mikate mpaka sebuleni kwa padri.

Muda uleule Mteremko wa Breki ukarudi.

Ulirudi palepale ulipokuwa. Kwa kuwa ardhi ya pale ilishachimbwa na makaa yake kuchomwa, ulikaa hewani juu ya shimo, na lami yake na nguzo zake za taa, na mapipa ya bati yametolewa nje kwa sababu ilikuwa Jumanne. Merv ndiye aliyeuona kwanza, akimtembeza mbwa wake kando ya uzio. Alipiga simu klabuni kuuliza nani ameacha taa zinawaka.

Tulitoka klabuni tukaenda wote, na glasi zetu mkononi. Taa zilikuwa zile za manjano za zamani, zimeshuka moja baada ya nyingine kufuata mteremko mpaka kanisani, na chini yake hamna kitu, giza la shimo tu. Watu walivua kofia bila kuambiana. Gwen, anayesimamia baa ya klabu na ambaye mdomo wake haujui kupumzika, alizihesabu taa kwa kidole. Kwa kweli palipendeza.

Merv alipita kwenye tundu la uzio na mkongojo wake, akakanyaga lami. Ilimbeba. Akateremka mpaka getini kwao, akaingia, akakaa, akarudi ananukia mkate.

"Mama anasema nimechelewa," alitueleza. "Tena anasema nimeingia na viatu vichafu."

"Mama yako si alishafariki?" Gwen akauliza.

"Ndiyo. Lakini sakafu ni yake."

Asubuhi gari la taka lilifika kwenye uzio. Dereva aliyatazama mapipa yale hewani, akatazama karatasi yake, akasema mtaa huo haumo kwenye zamu yake, akageuza gari.

Tangu hapo Ijumaa za klabu zilibadilika. Kwa kawaida Ijumaa watu huja kwa bahati nasibu ya sinia la nyama, lakini sasa walimzunguka Doris na kompyuta yake wakigombania majina. Hiyo ilikuwa Njia ya Kina Doyle. Ile ilikuwa Kona ya Mbwa Kichaa, hapana, hiyo kona ilikuwa chini zaidi, wewe ulikuwa unakaa juu utajuaje. Jina likiwa ndilo lililokuwa vinywani mwa watu, mtaa ulirudi na taa zake. La kubuni halikurudisha kitu. Gwen alijaribu kupenyeza Mtaa wa Gwen Mrembo, ikabaki hewa tupu, na mpaka leo anataniwa. Kwa muda si mrefu karibu Tarrabin nzima ilikuwa imening'inia juu ya shimo, na jioni wazee walikuwa wakivuka uzio kwenda kula kwa mama zao.

Doris hakuvuka. Kwao hakujarudi.

Mama yake, Karmena, alikuwa kwenye nyumba ya kulelea wazee, karibu na duka la dawa. Kila asubuhi alivaa koti, akafunga vifungo vyote, akakaa kitandani na mkoba mapajani akisubiri kupelekwa nyumbani. Wauguzi walishazoea. Walimvua koti wakati wa chakula cha mchana, naye akalivaa tena baada ya chai. Daktari alishamwambia Doris kwamba moyo wa mama umechoka na asitegemee kufika naye Krismasi. Doris aliuanza mji ule kwa ajili ya koti hilo, si kwa kingine.

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya kiwanda cha matofali, kwenye safu ya vibanda vya mabati waliyowekwa Wamalta, watu wa kisiwa cha Malta, walipokuja kufanya kazi. Kampuni haikuipa safu ile jina. Kwenye ramani yake iliandikwa bohari. Kwa hiyo mji ulipohamishwa, kila aliyekuwa na mtaa alipewa nyumba Tarrabin Mpya, na Wamalta wakaambiwa wayahame mabohari kabla ya mwezi kwisha. Ganni, baba yake Doris, alikuwa ameshafia mle, kwenye kile chumba cha nyuma.

Doris aliandika Mtaa wa Zammit. Akaandika Mtaa wa Mtini, kwa sababu mama alipanda mtini mlangoni. Akaandika Mtaa wa Karmena. Pale nyuma ya kiwanda paliendelea kuwa giza.

Ijumaa akauliza klabuni.

"Kule kwetu mlikuwa mnakuitaje?"

Meza nzima ikainamia bia. Gwen akaanza kukunja tiketi za bahati nasibu ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

"Kule hakukuwa na jina, Doris," Merv akasema. "Nikuongezee bia?"

"Jina lilikuwepo. Wewe ndiye uliyelitoa."

Merv alivua miwani akaifuta na shati. "Nilikuwa kijana. Ulikuwa utani tu, bwana."

"Najua. Hata mimi nilikuwa nacheka. Ningefanyaje, nilie kila siku?"

Aliyeshinda sinia la nyama siku hiyo hakwenda hata kulichukua.

Jumanne Doris alimpelekea mama yake kompyuta, akaiweka juu ya meza ya kulia chakula, ile ya magurudumu inayopita juu ya kitanda.

"Nasikia Merv anakula kwa mama yake," Karmena akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Na sisi je?"

Doris akamweleza. Alimwonyesha ile sehemu nyuma ya kiwanda, akamwambia majina aliyojaribu.

"Mtaa wa Karmena! Nani alikuwa ananiita Karmena kule? Andika walilosema."

"Siliandiki hilo, Mama."

"Baba yako yuko kule, moto haujawashwa, na wewe unaona haya. Haya ni ya waliosema. Mimi sina. Andika, mwanangu, mkono wangu umechoka kushika huu mkoba."

Doris akaandika herufi moja moja: Uchochoro wa Wanuka Vitunguu. Alipomaliza alilia, mama akampa kitambaa kutoka kwenye mkoba.

Safu ile ilirudi bila taa za barabarani, kwa maana hazikuwahi kuwekwa. Mwanga ulitoka madirishani, wa taa za mafuta, mdogo na mwekundu, dirisha hadi dirisha. Mtini ulikuwa mlangoni umezaa, na mizizi yake ilipenya chini ikaning'inia shimoni. Mwanzoni mwa uchochoro palisimama kibao, kizuri kuliko vyote vya mjini, maandishi meupe yanasomeka tangu kwenye uzio. Tulikuwa tumesimama pale wote tukikisoma. Kila mtu alikuwa amewahi kulitamka jina lile, na sasa mtaa mzima ulikuwa umesimama juu yake.

Jioni hiyo Doris alimsukuma mama yake kwenye kiti cha magurudumu mpaka kwenye tundu la uzio. Hapo Karmena akainuka mwenyewe.

"Nije nikusindikize?"

"Una paka nyumbani, nani atamlisha? Njoo Jumapili, uje na mkate."

Akavuka, mkoba begani, akatembea juu ya shimo lile kubwa kwa mwendo wa mtu anayetoka sokoni. Alipita chini ya kibao bila kuinua kichwa. Ganni alifungua mlango, akamfungua vifungo vya koti kimoja kimoja, akalitundika. Punde si punde ikatujia harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Hakuna aliyeondoka mpaka taa ya dirisha lile ilipozimwa. Doris alirudi nyumbani akisukuma kiti kitupu, na alisema baadaye kwamba hajawahi kuwa na furaha iliyouma namna ile.

Kesho yake Merv alipanda ngazi na brashi ya rangi akifute kibao. Alipofunika herufi ya kwanza, madirisha yote yakafifia na mtini ukawa kama kioo, unaona mpaka upande wa pili. Doris alimwita kutoka kwenye uzio.

"Shuka, Merv. Mama anapika."

Merv akaifuta rangi kwa mkono wa shati, akashuka. Kibao kipo mpaka leo.

Mwezi uliofuata Kampuni ilirudi, ikatuita ukumbini. Shimo litajazwa maji liwe ziwa la kuogelea, liitwe Ziwa Hallam. Binti aliyetumwa alikuwa na adabu na alituletea keki. Alituonyesha bango litakalowekwa ufukweni, lenye mitaa yote ya zamani kwa majina yetu wenyewe, Mteremko wa Breki, Kona ya Mbwa Kichaa, na watu wakapiga makofi. Doris akasimama akauliza uchochoro wa nyuma ya kiwanda uko wapi.

Binti aliitazama ramani yake kwa makini. Nyuma yake dirisha lilikuwa wazi, na juu ya shimo jioni ilikuwa imeingia na vibanda vya Wamalta vimewashwa taa.

"Hapo palikuwa na bohari," akasema.

Alimshukuru Doris kwa swali zuri, akaenda kufunga dirisha kwa sababu ya harufu.