Maji ya Udhu Bwawani

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na ujinga ule sigawani na mtu.

Maulidi, kaka wa mke wangu Hafidha, alikuja kututembelea Bagamoyo akitokea kwenye shamba lake la mananasi Kiwangwa. Nikamshawishi twende hifadhini tukalale kwenye hema kando ya bwawa, tuvue na kutazama wanyama. Mlangoni Hafidha akaniambia, "Ndugu niliyebaki naye ni huyo tu. Umrudishe mzima." Nikamjibu atarudi na kitambi cha samaki.

Hifadhini tulipokelewa na askari wa wanyamapori, binti anaitwa Sikuzani, ushungi kichwani, bunduki begani.

"Shikamooni. Kuvua ni juu ya lile jukwaa la mbao tu. Ikishapita alasiri, ukingoni hakukanyagwi. Maji ya kupikia na ya udhu ni hayo ya dumu lenu. Bwawa lina wenyewe."

"Umesikia, shemeji?" Maulidi akanong'ona.

"Nimesikia. Wewe mtu wa mananasi, hata kenge kwako ni mamba."

Nilimtania kutwa, kwetu shemeji ndiyo kazi yake. Alicheka, ila macho yake hayakutoka majini. Jirani yake alichukuliwa na mamba akichota maji Mto Wami, kikabaki kitambaa cha kichwa.

Tulipata perege wanono. Kuwapasulia kwenye jukwaa niliona tabu, nikashuka nao ukingoni, matumbo nikayatupa pale pale. Kisha nikapanda kwenye hema nikawaosha kwa maji ya dumu, nikarudia, nikarudia tena, maana shombo siiwezi. Jua linazama, Maulidi akaliinua dumu atawadhe. Jepesi kama kibuyu kitupu.

"Basi tutatayamamu," akasema, akainama kutafuta mchanga safi.

"Mchanga! Bwawa zima liko mbele yako? Nikawaambie watu shemeji yangu kajipaka vumbi usoni kwa kuogopa vyura?"

Akainuka polepole. Mtu wa kwetu mtanie shamba lake, mtanie hata pua yake, atacheka. Mguse sala yake, atakuonyesha. Akachukua ndoo, akashuka ukingoni.

Nilikuwa bado nacheka nilipogundua kwamba vyura wamenyamaza.

Bwawa zima lilikuwa kimya, kimya cha nyumba ambayo mtu amejificha ndani. Maulidi alichuchumaa pale pale nilipotupa matumbo ya samaki, akainamisha ndoo. Maji yalitulia kama mafuta. Hatua chache mbele yake vikaibuka vifundo viwili vyeusi. Vikatulia. Vikazama, na maji hayakutikisika hata kidogo.

Nikataka kuita. Mdomo huu uliopiga kelele tangu asubuhi ukakauka. Badala ya jina lake ikatoka pumzi tupu. Miguu ndiyo iliyonisikia. Nikateremka mbio, nikamkamata ukosi wa shati, nikajitupa naye nyuma.

Maji yakapasuka. Nikaona meno, nikaona weupe wa ndani ya kinywa, na ndoo ikanyakuliwa mkononi mwake. Tulirudi kinyumenyume kwa makalio, tukikwaruza udongo kwa visigino, huku tukiisikia plastiki ikivunjwavunjwa gizani.

"Nina mkono?" Maulidi aliuliza. "Shemeji, nina mkono?"

"Unao. Yote miwili."

"Nina mkono?"

Sikuzani alifika mbio na tochi. Akamulika ukingo, akamulika magamba ya samaki yaliyonata matopeni, kisha akanimulika mimi.

"Nani kamtuma?"

"Binti yangu, hili ni jambo la dini," nikasema. "Tulikosa maji ya udhu."

"Si mngetayamamu?"

"Na maji yapo?"

"Yana mamba. Mwenye kuhofia roho yake ameruhusiwa mchanga. Hilo tumefundishwa chuoni tungali wadogo."

"Ruhusa ni ruhusa, lakini udhu kamili ni udhu kamili," nikabisha, maana aibu nayo ina ulimi. "Mimi nilitaka tusali kwa maji."

Akageuza tochi kwa Maulidi, aliyekuwa bado anaupapasa mkono wake kuanzia begani hadi vidoleni.

"Na huyu, jeneza lake ungelisalia kwa udhu gani?"