Pijo la Mama Marthe

Mume wangu Pandu ni fundi mzuri. Nasema hivi huku nimemkasirikia, kwa hiyo mjue ni kweli. Hapa Yeoville, Johannesburg, watu wanamletea magari ambayo wenyewe wamekwisha kuyasomea hitima, naye anayafufua. Ila ana kichwa kigumu kama wanaume wote wa kwao Unguja niliowahi kuwaona, na mimi ni mtu wa Tanga, nimewaona wengi.

Juu yetu ghorofani anakaa Évariste, Mkongo wa Lubumbashi, mlinzi wa jengo moja kule Hillbrow. Alimleta mama yake, Mama Marthe, atibiwe ini. Mwaka ule wa 2018, baridi ilipoanza, hospitali ikamrudisha nyumbani. Wakasema dawa imekwisha kazi, mkae naye tu. Mama wa watu hakulia. Alitaka jambo moja, afie Lubumbashi na azikwe kando ya mumewe, kwa sababu huku hakuna wa kumpalilia kaburi.

Sasa utampelekaje? Kwenye basi hawezi kukaa kitako hata mpaka Pretoria. Ndege wanataka barua ya daktari, na hakuna daktari wa kuiandika. Évariste akazunguka mpaka akapata gari la Pijo 504, yale marefu ya zamani yenye viti vya safu tatu, kwa mzee mmoja wa Rosettenville. Bodi nzima, injini maiti. Aling'oa viti vya nyuma, akapima godoro, likaingia sawasawa. Alishuka garini akicheka peke yake siku ile, na mimi nikacheka naye.

Injini ya Pijo yenyewe haikupatikana kwa uwezo wetu. Mtu hujikuna ajipatapo. Pandu akaenda kwa wauza vyuma, akapata injini ya Toyota iliyotolewa kwenye teksi iliyopinduka, pamoja na gia boksi yake. Akaifungua uani kwetu, juu ya meza yangu ya kusukumia chapati. Akabadilisha ringi na beringi, hedi akaipeleka kusawazishwa, akakata maunti za zamani za kushikia injini na kuchomelea nyingine. Shafti ilikuwa ndefu, ikakatwa ikaungwa. Évariste akitoka lindoni hakuwa akilala, anashuka kumshikia tochi chini ya gari. Nikawa nawapelekea chai, nalalamikia meza yangu, na moyoni naomba Mungu wamuwahi yule mama.

Siku ilipowaka, uani kulikuwa na watu kama harusini. Ilinguruma vizuri, haikukohoa. Mama Marthe alibebwa mpaka dirishani aisikilize. Marehemu mumewe aliwahi kuendesha gari la aina hiyo hiyo kwa wakubwa wa mgodi, naye mama akatuambia sauti si yenyewe lakini tusijali, njia ni ile ile. Safari ikawekwa asubuhi ya pili yake.

Hapo ndipo kichwa kigumu kilipofanya kazi yake. Muuza spea alikuwa amemwambia Pandu asisahau ile dawa ya kijani ya kuchanganya na maji ya rejeta yasigande, kwamba Julai ya Johannesburg si mchezo. Pandu akarudi anacheka. Eti hayo ni mambo ya magari ya wazungu, babu yake ameendesha lori Unguja nzima kwa maji ya kisima. Nikamwambia Unguja si huku. Akasema hela ya dawa ile ni mafuta ya kufika Polokwane. Sikio la kufa halisikii dawa. Akajaza maji ya bomba, akafunga boneti, akaliacha gari uani.

Na barafu tulikuwa tunaiona, wallahi. Kila asubuhi nikitoka kukaanga maandazi navunja kigae cha barafu kwenye ndoo. Sisi watu wa pwani, barafu kwetu ni kitu cha kutia kwenye juisi. Hatujui kwamba maji yakiganda yanatanuka na kupasua chuma.

Asubuhi jua lilipotoka walimshusha Mama Marthe. Alivaa kitenge kipya na kilemba, mabegi yakapangwa miguuni, mimi nikaingia kumwekea mto. Pandu akawasha. Iliwaka, ikanguruma kidogo, kisha mvuke mweupe ukajaa uani na maji yakaanza kumwagika chini. Akazima mbio. Alipochomoa kijiti cha oili, oili ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, imeingia maji. Ubavuni mwa bloku ya injini kulikuwa na ufa, ukucha unaingia.

Pandu alikaa chini kwenye yale maji. Sijawahi kumwona mume wangu vile, na pamoja na hasira zangu nilimwonea huruma. Injini nyingine ni wiki kadhaa, na Mama Marthe wiki hana. Évariste hakumtukana. Alikuja mlangoni mwa gari kumwambia mama yake wamrudishe juu, lakini mama akauliza, macho amefumba, mbona hatuondoki.

Évariste akanitazama. Akazunguka, akaketi kwenye usukani, akafunga mlango. "Tunaondoka, Mama," akasema.

Basi akaendesha. Gari limesimama uani Yeoville, nguo za watu zinaning'inia kwenye kamba, na yeye anazungusha usukani na kumsimulia njia. Tumepita Pretoria. Tumepita Polokwane, jua kali. Musina hii, daraja hili hapa, chini ni mto Limpopo. Machozi yalikuwa yananitoka, nayafuta kwa ncha ya kanga.

Alipofika Lusaka, mama alinivuta mkono niiname. Sauti ilikuwa imekwisha.

"Motokari haitembei, najua," akaninong'oneza. "Umuache aseme. Aniingize kwetu."

Nikamwambia sawa, mama. Nikaendelea kumshika mkono. Évariste akapita Kabwe, akapita Ndola, akamweleza wanawake wauzao uyoga kando ya barabara. Pale Chingola mkono ule ulilegea ndani ya mkono wangu. Niliweka kiganja puani, hakuna pumzi.

Sikusema. Ningemkatiza vipi mtoto wa watu na mpaka ule pale mbele yake? Alisimama mpakani Kasumbalesa, akasalimiana na askari kwa Kifaransa, akawapa pasipoti ya mama, akavuka kuingia Kongo. Ndipo alipogeuka na uso wake umelowa.

"Mama, tumefika kwetu."

Nilimwacha amalize, kisha nikamwambia.