Kivumbasi cha Bi Chiku

Bi Chiku alikuwa na kivumbasi kingi nyuma ya nyumba yake pale Mhunze. Mtu akishikwa na mafua, alikwenda kuomba cha kujifukiza. Mtoto akiota ndoto mbaya, aliwekewa majani chini ya mto. Hakumnyima mtu.

Mwanawe, Fikirini, alirudi kutoka Geita mwezi wa nne, baada ya miaka sita ya kusaga mawe ya dhahabu kwenye mashine ya karasha. Alikuwa amekonda, na kutoka chooni mpaka mlangoni alipumzika mara mbili. Daktari aliitazama picha ya kifua, akawaambia kwa upole kwamba vumbi la mawe limeyakausha mapafu na hakuna dawa ya kulitoa.

Bi Chiku alifika nyumbani akachemsha kivumbasi. Asubuhi alimfunika mwanawe blanketi juu ya sufuria. Jioni alimwogesha maji yake. Mganga mmoja alipomwambia mama kwamba kijana katupiwa uchawi na wenzake wa machimboni, alitundika matawi mlangoni, akawa anayachoma makavu chumbani. Fikirini alikohoa mpaka akatema damu, lakini kila alipoitwa aliinama.

Ikafika siku hawezi kuinama.

"Mama, basi," alisema.

"Kidogo tu, mwanangu. Leo nimechanganya na—"

"Moshi unaniumiza. Unaniumiza tangu siku ya kwanza."

Bi Chiku aliduwaa, chetezo mkononi. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuona unahangaika. Nikasema angalau upate la kufanya."

Alitoka nje akamwaga makaa. Miezi mitatu amemtesa mtoto wake, naye kavumilia kwa kumhurumia mama.

Aliporudi aliuliza, "Sasa nikufanyie nini, baba?"

"Hakuna, mama. Wewe kaa tu."

Akakaa ukingoni mwa kitanda. Mikono haikutulia, mara ainyooshe shuka, mara aikunje tena. Kwa siku nne aliziangalia mbavu zikipanda kwa shida, na hakuwa na cha kumpa.

Alhamisi, baada ya adhuhuri, pumzi moja ilitoka. Bi Chiku akasubiri nyingine. Alikuwa bado anaisubiri wakati Swaumu, mdogo wake wa kike, alipokuja kumshika mabega na kumwondoa.