Sahani Iliyolala Kinyume

Niliogopa tangu nilipofungua mlango wa stoo, na sitajidai kwamba ule ulikuwa woga wa kusimama mbele za watu. Watu wenyewe walikuwa kumi na wawili tu, wanafunzi wa utafiti kama mimi, wamekaa kwenye viti vibovu katikati ya maboksi ya glavu, kila mmoja na chakula chake cha mchana mapajani. Nilimwogopa mmoja, na huyo ndiye aliyekuwa akinichekea.

Tulimwita Bi Mkubwa, kwa sababu alikuwa mwaka wa nane masomoni na umri ulishamruhusu kututuma. Yeye ndiye aliyeanzisha mazungumzo yetu ya Alhamisi. Maprofesa marufuku, hata wakija na keki. Mzungumzaji anaonyesha kazi mbichi, na kabla ya yote anakiri kosa moja alilofanya maabara. Watu walikiri vituko: mmoja alichomoa friji ili achaji simu, mwingine alipima maji ya bomba wiki nzima akidhani ni dawa. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Hakuna aliyewahi kuleta kosa la kumuumiza mtu aliyekaa humo ndani.

Mimi nilikuwa nalo. Kazi yangu ni kupima kama majimaji ya mizizi fulani yanaua bakteria. Unayatia kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo tisini na sita, dawa kali safu ya juu, hafifu safu ya chini, kisha mashine inasoma mwanga ambao jicho halioni. Sahani ina kona moja iliyokatwa, ili ujue juu ni wapi. Kwenye mashine ya zamani kona hiyo ilikaa kushoto. Ilipokuja mpya, ilitakiwa ikae kulia, na imeandikwa kabisa, nami sikusoma. Mkono ulishazoea. Nilirudia jaribio mara tatu, mara zote tatu nikailaza kinyume, halafu nikashangilia kama mjinga. Kumbe namba zilisomeka juu chini: dawa yangu haikuua chochote. Ilikuwa inawanenepesha bakteria.

Na Bi Mkubwa alizichukua namba hizo, akajengea sura nzima ya tasnifu yake. Jumatatu iliyofuata angeitetea mbele ya watahini. Mumewe ameshaomba ruhusa kazini, mama mkwe ameshashona nguo.

Kwa hiyo nilikuja na kosa la uongo, la kuchekesha, nimelifanyia mazoezi bafuni.

"Haya mdogo wangu," Bi Mkubwa akasema, "tupe kosa. Lisiwe la friji, hilo lina mwenyewe."

Wakacheka. Nikafungua mdomo niseme lile la bafuni. Ndipo nikaona amefungua daftari, kalamu mkononi.

"Na ukimaliza unipe namba mpya," akaongeza. "Mmoja wa watahini ndiye aliyeinunua ile mashine. Huyo mzee ataniuliza mpaka nikome."

Sikuwa nimelijua hilo. Nikamwona akilini Jumatatu hiyo, amevaa nguo ya mama mkwe, amesimama mbele ya yule mzee, akiulizwa kona ilikaa wapi.

"Niligeuza sahani," nikasema.

Walicheka tena, wakingoja kituko. Nikaeleza kona, nikaeleza mara tatu. Kicheko kikakatika. Kijana wa nyuma akaacha kutafuna.

"Zote tatu?" Bi Mkubwa akauliza.

"Zote."

"Zile ulizonipa mimi?"

"Ndizo hizo, dada."

Aliandika kitu, akakitazama. Nilitamani anitukane. Nilitamani hata profesa aingie, anifukuze, yaishe.

"Umejua lini?"

Uongo ulikuwa tayari: asubuhi hii, dada, nimekimbia moja kwa moja nikwambie. Nani angenibishia?

"Jumanne ya wiki iliyopita."

Midomo yake ikachezacheza, anahesabu siku.

"Ijumaa tulikwenda wote kuchapisha," akasema taratibu. "Nakala za watahini ulizibeba wewe. Ulisema nisijichoshe."

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

Siku tatu nilikuwa nimeshajua, na bado nilizipakata zile nakala njia nzima zisikunjike. Hakuna aliyesogeza kiti. Walikuwa wananitazama kama mtu ambaye nao pia wamewahi kuchukua namba zake.

Bi Mkubwa akafunga daftari. Akatazama saa ya simu, kazi ya mwenyekiti kila Alhamisi, na macho yake hayakuja tena upande wangu.

"Endelea," akasema. "Umebakiza dakika kumi na sita."

Nikabonyeza kompyuta ilete ukutani picha ya pili ya mazungumzo yangu. Ikaruka hadi ya nne, na hakuna aliyeniambia nirudi.