Njiwa Waliohama kwa Ndalahwa

Njiwa mwenye madoa alimtazama Ndalahwa kwa jicho moja, kama mtu anayekukumbuka sura lakini hataki kukusalimu. Walikuwa uso kwa uso: fundi juu ya ngazi, njiwa juu ya kichwa cha nguzo, wote wawili wamejibanza chini ya tumbo la daraja la reli la Malampaka. Mguu wa kushoto wa njiwa ulipungukiwa kidole. Ndalahwa alijua kilipokatikia. Kilikatikia kwenye mlango wa bati wa kiota alichokigonga yeye mwenyewe, ukutani kwa nyumba yake.

"Ondoka," alimnong'oneza. "Usinitie aibu mbele za watu."

"Fundi, unaongea na nani huko?" sauti ya Violeth ilipanda kutoka chini.

"Napima."

"Unapima kwa mdomo?"

Wanawake wakaangua kicheko, na kicheko kikagonga zege kikawarudia kikubwa zaidi. Violeth ndiye aliyewaongoza wauza mchele waliopanga mabeseni yao kivulini mwa daraja. Ndiye pia aliyekwenda kuomba kibali kwa watu wa reli, baada ya mteja mmoja kukuta kinyesi cha njiwa ndani ya kilo tano za mchele mweupe. Kibali kilipotoka wakatafuta fundi wa kuziba kila upenyo kwa wavu wa chuma. Fundi wa kupanda juu bila kutetemeka, mji mzima, alikuwa mmoja. Bahati mbaya njiwa nao walikuwa wake.

Hakuwahi kukiri. Lakini Malampaka si mji wa kuficha njiwa ishirini na wanane. Kila mtu alikumbuka walikokuwa wakitua, na kila mtu alijua maana ya kuhama kwao. Watu wa huko huamini kwamba njiwa hawavumilii makelele ya ndoa. Nyumba ikiingiwa na ugomvi hupiga mabawa, wakaenda wanakopata utulivu. Hakuna aliyewahi kulipima jambo hilo kwa rula, na hakuna aliyelitilia shaka.

"Kaka Ndala!" Josia aliita. Alikuwa dereva wa bodaboda, ameegesha pikipiki kwenye nguzo na kujilaza juu yake kama mtu aliye kitandani. "Ukimaliza leo tunawafuata. Wakitua kwako, mimi mwenyewe nitapiga vigelegele."

"Na wasipotua?"

"Wasipotua tutakuja kuwapa pole, wewe na shemeji."

Ndalahwa aliuma msumari kati ya meno ili asijibu. Hasira yake ilikuwa ya kuwaka upesi, naye aliijua.

Ugomvi ulikuwa wa kweli. Hilo hakuweza kujidanganya. Mwezi wa tisa, kwenye matanga ya mjomba wao huko Sola, mdogo wake Bujiku alilalamika mbele ya wazee kwamba ana ng'ombe wa kulimia lakini hana ardhi ya kuwapeleka. Ndalahwa alikuwa amesifiwa mno siku ile, maana jeneza alilitengeneza yeye, na kila aliyelishika alisema halijawahi kuonekana jeneza kama hilo. Sifa zikampanda kichwani. Akasimama, akasema, "Chukua majaruba yangu. Bomoa kingo, panda pamba." Wazee wakapiga makofi.

Kwandu, mkewe, aliyasikia hayo akiwa kwenye moshi wa jikoni, mwiko mkononi. Majaruba yale ya mpunga, huko huko Sola, yalikuwa manne. Kingo zake alizinyanyua yeye kwa jembe la mkono kwa miaka sita, tope hadi magotini, mwaka mmoja akiwa na mimba ya miezi minane. Mpunga uliotoka humo ndio uliowalisha. Waliporudi nyumbani walirushiana maneno mpaka jirani akazima redio ili asikie vizuri. Kisha kikaja kimya. Siku ya tatu ya kimya hicho, njiwa wakaondoka wote.

Miezi miwili ilipita wakizungumza kupitia Bibi Lukresia, mama mzazi wa Ndalahwa.

"Mama, mwambie mwanao maji ya kuoga yapo."

"Mama, mwambie mkamwana wako nimesikia."

Mwishowe bibi akachoka. "Mimi si mnara wa simu," alisema, akahamishia kigoda chake nyuma ya nyumba.

Mara kadhaa Ndalahwa alishika simu ampigie Bujiku, na kila mara aliirudisha mfukoni. Angewezaje kurudisha neno alilolitoa mbele ya wazee, huku bado anasikia makofi yao? Lakini siku mbili kabla mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, na Bujiku alishasema kwamba mvua ikinyesha tu, ng'ombe wanaingia. Huenda kingo zilikuwa zimeshalala chini. Kwandu hakwenda Sola kutazama. Kila wingu lilipojikusanya upande ule, aligeuza uso.

Ilipofika saa tisa alasiri ilibaki nafasi moja tu isiyozibwa, kati ya mhimili na nguzo ya mwisho, upana wa kiganja. Ndalahwa aliitazama. Nafasi ile ingetosha kuwaweka njiwa hapo hapo darajani, wasitoke kwenda kumhukumu mbele ya mji mzima. Akatia koleo mfukoni, akaanza kushuka.

"Fundi," Violeth aliita, "umeacha tundu."

"Dogo hilo."

"Njiwa naye ni mdogo."

Ndalahwa alisimama katikati ya ngazi. Violeth alisogea mpaka chini yake, akapunguza sauti ili wenzake wasisikie. "Ndalahwa, hata wakikaa hapa miaka kumi, wewe bado utalala kwako."

Alipanda tena. Alikata kipande cha mwisho cha wavu, akakifunga kwa waya, akausokota waya mpaka vidole vikamuuma. Njiwa walijirusha, wakagonga wavu, wakarudi, wakagonga tena. Kisha kundi zima likatoka kivulini kwa mshindo mmoja, likapanda juu ya reli, likaanza kuzunguka. Soko lote liliinua shingo. Mchele ulisahaulika kwenye mizani. Josia alipiga teke pikipiki yake, ikanguruma.

Ndalahwa aliacha ngazi imesimama, akakatisha vichochoroni mbio.

Alifika kwake anahema. Kwandu alikuwa amekaa uani, ungo mapajani, anachambua choroko. Hakuinua macho. Ndalahwa aliegemeza ngazi ya miti ukutani, akapanda na kuanza kusafisha viota. Ikiwa watarudi, alijiambia, angalau wakute pasafi. Alitoa nyasi kuukuu kwenye kiota cha kwanza, cha pili, cha tatu. Katika cha nne mkono wake uligusa kitu kikavu, chepesi kama ganda la hindi. Akakivuta.

Lilikuwa gamba la nyoka, refu kama mkono wa mtu mzima, halijachanika popote. Chini yake kulikuwa na maganda ya mayai yaliyobonyezwa.

Ndalahwa aliligeuza gamba huku na huku. Si nyumba yake. Si sauti yake. Njiwa walikuwa wamekimbia mdomo wa nyoka!

"Ng'wana Salu!" aliita. Lilikuwa jina la heshima alilomwita tangu siku za posa, binti wa Salu, na lilikuwa halijapita kinywani mwake kwa miezi miwili. "Njoo uone! Nyoka! Nyoka ndiye aliyewafukuza!"

Kwandu aliendelea kuchambua. "Namjua. Nilimuua kwa mchi siku ya pili baada ya wao kuhama."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaacha mji mzima utuseme?"

"Ningekwambiaje? Nimtume mama? Mama hawezi hata kumtaja, humwita kamba."

"Msinitajie hapa!" Bibi Lukresia alipaza sauti kutoka nyuma ya nyumba.

"Nilingoja uniulize," Kwandu alisema. "Hukuuliza."

Ndalahwa alishuka, gamba likining'inia mkononi mwake kama mkanda. "Nakwenda kuwaonyesha. Leo watafunga midomo."

"Nenda." Kwandu alirusha choroko ungoni, vumbi likapeperuka. "Na ukifika, waambie majaruba nayo yaligawiwa na nyoka."

Neno lilimchoma, lakini miguu ilikuwa imeshaanza safari. Alipofika barabarani alimkuta Josia amesimamisha pikipiki, anajifuta machozi ya kicheko.

"Kaka! Wametua!"

"Wapi?"

"Ofisi ya kata! Wote, mstari mmoja, juu ya bati! Pale pale baraza la usuluhishi linapokaa kila Jumatano, mume na mke wanapovuana nguo kwa maneno! Mtendaji katoka nje haamini macho yake. Violeth kakaa chini, hawezi kusimama."

Ndalahwa alicheka pia. Alicheka mpaka akainama, akashika magoti. Ndege walioukimbia ugomvi wake wamekwenda kujenga kwenye ugomvi wa kata nzima! Nani tena angethubutu kuitaja ile imani mbele ya watu?

"Hicho nini?" Josia aliuliza, akionyesha mkono wake.

"Gamba."

"La nini?"

Ndalahwa alifungua kinywa. Utetezi wote alioupanga njiani ulikuwepo, umenyooka, mzuri. Lakini uso wa Josia ulikuwa umekwisha kusahau. Hakuna aliyekuwa akiuliza tena.

"La nyoka tu," alisema.

"Haya. Ngoja niwahi, nasikia wanapiga picha." Akaondoka, vumbi likimfuata.

Ndalahwa alibaki peke yake kando ya njia. Miezi miwili alikuwa ameishi kama mshtakiwa, akitafuta cha kujitetea, na sasa mahakama nzima ilikuwa imekwenda zake ikicheka. Hakuna wa kumhukumu, hakuna wa kumpigia makofi. Upande wa Sola mawingu yalikuwa yametanda, meusi kama masizi ya chungu. Alilitupa gamba kwenye ua wa miiba, akarudi.

Hakuchukua kigoda. Alikaa chini, vumbini, kando ya mkewe, akatoa simu, akampigia Bujiku na kuiweka sauti ya nje.

"Kaka, mwadila," sauti ya Bujiku ilimsalimu.

"Mwadila. Bujiku, umeshaingiza ng'ombe kwenye majaruba?"

Kwa mbali ng'ombe alilia. "Kwa nini unauliza?"

"Nilikupa kisichokuwa changu. Majaruba ni ya Ng'wana Salu. Nayarudisha, na nitakuja kusema hivyo mbele ya wazee wale wale."

Bujiku alicheka polepole. "Umekaliwa na mke, kaka."

"Nimekaliwa."

"Shemeji yupo hapo?"

"Anasikia."

"Basi asikie na hili. Jana asubuhi niliingiza ng'ombe. Nikabomoa ukingo mmoja, mmoja tu. Mke wangu akaja akasimama mbele ya jembe, akasema nianze kumlima yeye. Tangu hapo hajanipikia. Mwenzako nalala na njaa huku, namwomba Mungu upige simu."

Mikono ya Kwandu ilikuwa imetulia juu ya choroko. Mabega yake yalishuka taratibu, kama ya mtu anayetua ndoo ya maji kichwani. Aliweka ungo kando, akaichukua simu kutoka mkononi mwa mumewe.

"Shemeji."

"Naam, shemeji."

"Ukingo upi?"

"Ule wa juu, maji yanapoingilia."

Kwandu aliinua uso, akayatazama mawingu ya Sola kwa muda mrefu, midomo ikimchezacheza kama mtu anayepima siku na hatua. Radi iliguna mbali. Kisha akamgeukia Ndalahwa.

"Jembe lako bado lina mpini?"

Ndalahwa alifikiri. Hakukumbuka hata liko wapi. Akainuka, akajikung'uta vumbi, akaenda kulitafuta.